Tundu lilipatikana, ila mchawi hakuwa tundu

Tarehe 28 Desemba asubuhi shemeji kanipigia simu kabla hata sijapiga mswaki, anasema fundi nakuletea mzigo, na sauti yake ukiisikia tu unajua huyu mtu hajalala. Kwenye saa tatu Noah ikaingia hapa kwangu Igoma, Mwanza, mlango wa nyuma ukafunguliwa, likamwagika lidude la kitambaa bichi lenye mchanga, sufuria moja imo humohumo, kandambili moja isiyo na mwenzake, maji yanachuruzika mpaka kwenye ngazi. Ndo hema lao la upepo. Dada yangu hakushuka hata kwenye gari. Mama mkwe wake alishuka, mdomo wa juu umevimba kama kaumwa na nyuki, akanisalimia kwa heshima zote halafu akasema baba, kile kitu kina tundu, wachome moto tu.

Mi nashona maturubai, ya malori na yale ya harusi na misiba, hii ni kazi ya miaka kumi na kitu sasa, kwa hiyo kila mtu kwenye ukoo akiwa na kitu cha kitambaa kimechanika anajua pa kukitupa. Hema la upepo nilikuwa sijawahi kulifungua. Nimeandika kisa hiki kwa sababu wiki tatu nzima nilikuwa nawaambia watu jibu lisilo sahihi, na jibu lenyewe lilikuwa limesimama mbele yangu siku ya kwanza kabisa, kwenye mdomo wa yule bibi.

Nianze na hema. Shemeji alilinunua soko la Mlango Mmoja kwa jamaa anayeuza mitumba ya vitu vya nyumbani, laki nne na nusu baada ya kuvutana sana, kubwa, la watu sita kwa maandishi ya kwenye begi. Halina kijitabu wala pampu yake. Kwa ambaye hajaliona, hili hema halina fito za chuma wala zile za faiba zinazokunjwa, lina mabomba ya upepo, hili lilikuwa na matatu, kila moja linapinda kama upinde kutoka ardhini upande huu mpaka upande ule. Ndani ya bomba kuna tyubu ya plastiki laini inayovutika, wataalamu wanaiita TPU, na nje yake kuna soksi ngumu ya poliesta yenye zipu. Kazi ya kuzuia upepo usitoke ni ya tyubu, kazi ya kuzuia tyubu isivimbe ni ya soksi, na hapo ndo pa kushika sana maana baadae kidogo tu nilikuwa nimeshaharibu mali ya watu. Karibu na vali kulikuwa na stika imefifia, ukiinamisha kichwa unasoma 7 PSI, yaani kipimo cha presha ya upepo. Mahema mengi ya namna hii yanacheza kwenye 7 mpaka 10 hivi, wakati tairi ya gari ndogo inakwenda 30 na kitu, kwa hiyo ni upepo kidogo sana kwa kweli, ukilinganisha.

Sasa safari yenyewe. Walienda Kayenze, Ilemela huko, pembeni ya Ziwa Victoria, tarehe 27 mchana, wao wawili, watoto watatu na bibi. Wakapata sehemu nzuri ya mchanga karibu na maji, si karibu kabisa, maana mzee mmoja wa mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, aliwaambia wasogee juu, viboko usiku wanatoka kula majani na hawaulizi njia ni ya nani. Hapo walisikia. Saa tisa jua linachoma, wakajaza upepo kwa kile kikompresa kidogo cha kuchomeka kwenye gari, na kwa sababu mdomo wa pampu haukuingia kwenye vali, shemeji akazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ukabana. Dakika kama kumi na tano hema limesimama, watu wa mwaloni wamekuja kushangaa, watoto wanapiga picha. Mlango mkubwa wakauelekeza ziwani ili wawe wanaona jua linazama, kibaraza kikanyanyuliwa mbele, vigingi vikachomekwa, vile vyembamba vya waya vilivyokuwa kwenye begi. Kamba moja ya nyuma wakaifunga kwenye ndoano ya kuvutia gari.

Usiku ziwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Wakalala saa nne, mlango mkubwa wakaacha wazi nusu, wamefunga neti tu, maana joto.

Kama saa kumi alfajiri ukaja upepo. Dada anasema hakusikia mvua kwanza, alisikia kibaraza kikipiga makofi, pa pa pa, halafu hema likajaa kama puto kutoka ndani, halafu upande wa ziwani wote ukanyanyuka, halafu ukawalalia. Giza, watoto wanalia, maji yanaingia, zipu haionekani. Mtoto wa pili akasikia bibi anaita jina lake kutoka chini ya kitambaa lakini hajui chini ni wapi. Walitoka kwa simu ya shemeji, tochi. Wakaingia kwenye gari, wakakaa humo mpaka kumepambazuka. Jiko la mkaa walilopikia samaki lilikuwa chini ya kibaraza, na kuna mtu (simtaji, ni mume wa dada yangu) mvua ilipoanza kudondoka alitaka kuliingiza ndani lisilowe. Mkaa ukiwa unawaka ndani ya hema lililofungwa unaua watu kimya kimya, moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki, wanalala na hawaamki. Bora hema lililoanguka mara mia kuliko hilo.

Basi. Hukumu ilishatoka kabla hata hawajafika Igoma, hema lina tundu, limeishiwa upepo usiku, likaanguka. Na mi nilikubali. Nani asingekubali, kitu cha upepo kikilala chini unafikiria pancha.

Nikalianika siku mbili, likakauka, nikalilaza chini kwenye banda nikalijaza. Hapa nilimwita jirani, fundi pancha, kijana mzuri anajua kazi, akasema tutoe tyubu kwenye soksi tuizamishe kwenye karai kama ya tairi. Tukafungua zipu ya bomba la kati, tukaitoa, akaanza kuijaza na kompresa yake ile ya kwenye tangi. Yaani sekunde tatu, ikaanza kuvimba sehemu moja kama kibofu cha mbuzi tulichokuwa tunachezea utotoni, nyembamba mpaka unaona vidole vyangu upande wa pili, nikapiga kelele funga funga. Alifunga. Ilibaki na alama ya mvutano pale mpaka leo. Kumbe nje ya soksi ile tyubu haitakiwi kupata presha kabisa, unaipulizia tu mpaka inyooke, basi, unapaka maji ya sabuni ya unga na sponji unaangalia povu. Tukafanya hivyo. Na kweli, sentimita kama arobaini kutoka kwenye vali kukawa kunatoka kivimbe kidogo cha povu, kinakua taratibu taratibu kama mtu anapuliza bigijii bila haraka, kinapasuka, kinaanza kingine.

Tundu hilo hapo. Nikampigia shemeji, nikamwambia tumelikamata. Akafurahi. Bibi akaambiwa, naye akafurahi, akasema si niliwaambia.

Nilikaa na jibu hilo kama wiki tatu. Kilichonisumbua ni yale mapovu. Polepole mno. Nimeziba matundu kwenye vitu vingi vya upepo, maboya, magodoro, hata lile jumba la kurukia watoto la jamaa mmoja wa sherehe, na najua tundu la kuangusha kitu linavyofanya, linapuliza, unalisikia kwa shavu. Hili lilikuwa linahema tu. Nikarudisha tyubu kwenye soksi yake, nikafunga zipu, nikatafuta geji, kile kipimo cha presha, ndogo ya kusoma chini, ya mwisho 15, nikajaza bomba lile peke yake hadi 7 saa kumi na mbili jioni, hema limelazwa ndani ya banda ambako baridi na joto havibadiliki sana. Saa kumi na mbili asubuhi nikasoma 5. Kwa hiyo masaa 12 limepoteza 2.

Halafu nikagundua kitu kingine. Hema lile linajazwa kwa vali moja, upepo unapita kwenda bomba lingine kwa vimirija, na kwenye kila mrija kuna kibano cha plastiki cha kuzungusha ili ukimaliza kujaza ufunge, kila bomba libaki na upepo wake. Hawakujua, walikuwa wameviacha wazi vyote. Hiyo ni kosa, bomba moja likipasuka yote yanalala. Ila kwa tundu dogo kama hili kosa hilo liliwasaidia, mabomba matatu yaligawana hasara ya moja, kwa hiyo usiku kucha kila bomba linapungua kama theluthi mbili ya psi, si zaidi. Yaani tundu letu tulilolisherehekea halikutoa hata psi moja kamili.

Baridi ilitoa zaidi kuliko tundu. Hii hesabu kaifanya mpwa wangu, mkubwa wa dada, yuko fomu tri na alikuwemo ndani ya hilo hema siku ile kwa hiyo alikuwa na hasira nalo. Hewa ikipoa presha inashuka, ila unahesabu presha yote, pamoja na ile ya hewa ya kawaida inayotukandamiza sisi wote. Sisi hapa ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni kama psi 13, pwani ni 14.7. Kwa hiyo 13 jumlisha 7 ya bomba ni 20. Mchana tuseme hewa ndani ya bomba nyuzi 35, alfajiri nyuzi 20, unajumlisha 273 kwenye kila moja, unapata 308 na 293, ile 20 ukiizidisha kwa 293 ukagawanya kwa 308 inakua 19. Toa 13, bomba limebaki na 6. Mjomba, akaniambia, psi moja imeondoka bila tundu. Nikampa soda. Na ujue kinyume chake kipo, ukijaza 7 asubuhi kwenye nyuzi 25 halafu jua likachemsha lile bomba mpaka 50, unafika karibu na 9, ndo maana mchana wa jua kali unapunguza kidogo, na jioni unaongeza kabla ya kulala.

Sasa ukijumlisha tundu na baridi, kutoka 7 unakuta alfajiri walikuwa na 5 na kitu. Bomba la 5 limelegea kiasi, lakini halianguki lenyewe, nimelijaza hapa bandani kwa 5 nikasimamisha hema zima, limesimama. Isipokuwa kama hawakuanza na 7. Nikamuuliza shemeji, geji ya kikompresa chako inasoma mpaka ngapi. Mia. Ulijuaje imefika saba? Akacheka. Mshale ulinyanyuka kidogo, anasema, nikaona inatosha. Geji ya kusoma mpaka mia makosa ya psi 3 ni kitu cha kawaida kabisa kwayo, na huku chini mwanzoni ndo inadanganya zaidi, kwa hiyo saba yake ingeweza kuwa nne, ingeweza kuwa kumi. Geji peke yake ilikuwa na uwezo wa kutuharibia kuliko tundu na baridi vikijumlishwa, na wiki tatu zote tulikuwa tunamsema tundu.

Nikasema basi, mchawi ni geji, lilikuwa na nne, likalegea. Karibu niandike hivyo.

Ndo siku moja dada kaja na mama mkwe wake, wamepita tu kutoka sokoni Kirumba na dagaa zao, bibi kakaa kwenye kigoda anaangalia lile hema kwa jicho la chuki, nikamuuliza kwa utani, shikamoo mama, mdomo umepona? Akasema marahaba, umepona, lakini lile dude lilinipiga kama gongo. Gongo. Nikamwambia hebu rudia. Akarudia, anasema wakati linaanguka lile bomba lilimjia usoni gumu kama mti, na hata baadae wanatoka alilishika kupanda juu yake, gumu. Nikamgeukia dada, naye akasema eh, mabomba yalikuwa magumu, asubuhi ilibidi tuyafungue vali ndo tukaweza kulikunja, yalipiga kelele fyuuu mpaka mtoto akaziba masikio.

Wiki tatu. Bibi ana ushahidi usoni na mi nimeshika sponji.

Hema halikuishiwa upepo. Lilianguka likiwa limejaa. Nikarudi kwenye kitambaa, ambako ningetakiwa kuanzia maana ndo kazi yangu, nikaanza kusoma mishono. Upande wa ziwani vitanzi vyote vya kufungia vigingi vizima, hakuna uzi hata mmoja ulioruka, na vigingi vyenyewe wale watoto waliokota saba tu kati ya kumi na nane, vyote vimenyooka, visafi. Kigingi kilichopigana kinapinda. Hivi vilichomoka kama sindano kwenye andazi. Nyuma, pale kwenye kamba ya gari, kitanzi kimechanika na kuondoka na kipande cha kitambaa ukubwa wa kiganja, mshono wa pembeni umefunguka sentimita kumi na tano, kwa sababu gari ndo nanga pekee iliyokuwepo na hema zima lilikuwa linavutana nayo peke yake. Yaani ukiangalia tu kitambaa unaona ulivyoingia, upepo wa ziwani umeingia kwenye mlango uliofungwa neti tu, umejaza hema kama tanga la jahazi, mchanga mkavu haukushika kitu, mbele ikanyanyuka, nyuma ikakataa, likapinduka kwa kukunja.

Nilirudi Kayenze na shemeji kuangalia pale mahali, na yule mzee wa mwaloni tulimkuta anashona nyavu. Tukasalimiana Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka. Shemeji akamwambia ule usiku ziwa lilikuwa shwari kabisa, ulitokea wapi ule upepo. Mzee hakuinua hata kichwa, akasema shwari ya jioni huwa si ya kwako, ni ya wavuvi, wanaitumia kutoka. Na hii kitu ina sababu yake, usiku nchi kavu inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, basi upepo unatoka kila upande wa nchi kavu kwenda ziwani, unakutana katikati ya maji, unapanda juu, na kwa ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800 hapo ni kiwanda kizima cha mawingu, ndo maana radi na dhoruba nyingi za Victoria zinapikwa usiku mpaka alfajiri wakati sisi tumelala, halafu mawingu yale yakimwaga mvua yanasukuma hewa baridi pembeni kwa ghafla. Ukiangalia ziwa saa kumi na mbili jioni hujaangalia kitu.

Mzee akatuonesha wanavyofunga wao. Wanachukua kiroba, kile cha unga, wanajaza mchanga nusu, wanafunga kamba kiunoni mwa kiroba, si mdomoni, wanachimba shimo mpaka magotini wanakilaza humo ubavu ukielekea hema, wanafukia, wanakanyaga. Kuking'oa hicho unahitaji kung'oa mchanga wote ulio mbele yake. Nilivuta kimoja kwa uzito wangu wote, kilo tisini na mbili, nikaishia kukaa chini. Kigingi cha waya pale pembeni nilikitoa kwa vidole viwili. Huku kwetu kwenye majabali ni kesi nyingine, udongo kiganja kimoja halafu jiwe, kigingi hakiendi popote, unafunga kwenye mawe yenyewe, ila weka kipande cha mpira wa tairi kati ya kamba na jiwe maana granaiti inakata kamba kama msumeno hema likicheza usiku kucha.

Kwa hiyo ukiniuliza leo kwa mpangilio, kwanza vigingi kwenye mchanga, pili mlango mkubwa na kibaraza kuelekezwa ziwani na kuachwa wazi, hivi viwili ndo vimeangusha hema. Geji ilikuwa hatari ambayo kwa bahati haikuwafika. Baridi kidogo. Tundu ni la mwisho kabisa, na ndo pekee tulilolitengeneza kwa wiki tatu. Kulitengeneza kwenyewe nako kuna neno, solushen, ile gundi ya fundi pancha, haishiki kwenye TPU, ni ya mpira, tuliibandika ikabanduka kesho yake kama ganda la kitunguu. Kwenye mfuko mdogo ndani ya begi kulikuwa na viraka vyake vya kujibandika, nikasafisha na spiriti, nikabandika, nikaweka tofali juu usiku mzima. Bado kinavuja lakini kidogo sana.

Watu wameniuliza kama wanunue la hivi au la fito. Mi naona kama una gari na watoto, la upepo ni raha, mtu mmoja analisimamisha, na upepo ukilipiga linapinda linarudi, fito ya faiba inapasuka. Ila ujue ni mzigo, la familia linafika kilo ishirini na zaidi, usijidanganye utapanda nalo kwenye kivuko cha Nansio, kule Ukerewe, ukimaliza uingie bodaboda. Na fito ikivunjika mtu yeyote wa kuchomelea hapa Mwanza anakupa nyingine kabla ya chai, tyubu ikifa unaagiza nje. Kwenye kuchagua mi naangalia unene wa bomba kabla ya kitu kingine, maana nguvu ya bomba kukataa kukunjwa inakwenda na presha, ndio, lakini kwa unene inaruka zaidi, unazidisha unene kwa unene kwa unene tena, bomba la sentimita 12 kwa presha ileile linastahimili zaidi ya mara mbili ya lile la 9. Watu wanabishania psi na wamebeba vibomba kama vya maji. Maandishi ya watu sita maana yake watu sita wamelala kama dagaa kwenye kopo, toa wawili. Pampu iwe yake, ile ya mkono inayosukuma kwenda na kurudi, yenye geji ya kuishia 15 hivi.

Na la mtumba, kabla hujatoa hela, lijaze palepale dukani ukanywe chai urudi, halafu ingiza pua ndani. Kama kitambaa ndani kinanata kama kimepakwa asali na kinanuka kama matapishi ya mtoto, ule mpako wa kuzuia maji umeshaoza, hakuna fundi wa kuurudisha, na mi ndo fundi mwenyewe nakwambia. Hilo la shemeji halikunata, angalau hapo alipatia. Na ukimaliza kambi usilikunje bichi, lile lao siku mbili tu kwenye begi lingekuwa na ukungu.

Mwezi wa pili mwishoni tukaenda tena, palepale, na mi nikaenda. Mlango tukaugeuzia nchi kavu, ubavu mwembamba kuelekea ziwani, viroba kumi na viwili tumefukia mpaka mgongo unauma, 7 kwenye geji, jioni limeshuka sita na kidogo tukaongeza, vibano vyote vimefungwa, kibaraza tukakishusha tulipomaliza kula. Taa tukazima mapema pia, maana wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi walishaanza kufuata mwanga na neti ikawa nyeusi.

Upepo ulikuja saa tisa usiku. Sitaki kudanganya, haukuwa mkali kama ule wa kwanza, dada mwenyewe kasema nusu yake. Nilikuwa macho. Niliwasha simu nikaimulika kwenye bomba la upande wa ziwani, na nilichoona sikukitegemea, bomba lilipiga goti. Katikati yake likakunjika, likaingia ndani mpaka likagusa nywele za yule mdogo aliyelala, likakaa hapo kama sekunde mbili, kitambaa kimekaza kinalia, halafu upepo ukavuta pumzi na lenyewe likainuka likanyooka kama hakuna kilichotokea. Lilifanya hivyo mara nne. Mtoto hakuamka. Nje nilisikia kamba zinaimba lakini hakuna iliyonyamaza ghafla, na mi nilikuwa nasikilizia hiyo tu.

Mama mkwe alikataa kabisa kulala humo, alilala kwenye Noah na vitenge vyake viwili. Kumekucha akashusha kioo kidogo, hakutoka, akauliza, limesimama? Shemeji akamwambia limesimama mama. Akapandisha kioo akaendelea kulala.